Kitabu cha Muhula: Nani Alijua, Nani Alinyamaza?

Mnaoifuata safu hii mnaijua desturi yetu. Kila muhula tunachagua kitabu kimoja, kila mtu anakisoma kwake kwa lugha kilichoandikwa, kisha tunakutana na kukijadili kwa Kiswahili peke yake. Anayeteleza akamaliza sentensi nzima kwa Kiingereza analeta biskuti mkutano unaofuata. Muhula huu biskuti zimekuwa nyingi mno, na sababu ya wingi huo ndiyo iliyotufanya tuandike safu ndefu kuliko kawaida.

Kitabu chenyewe ni Stay With Me, riwaya ya kwanza ya Ayobami Adebayo wa Nigeria, iliyotoka mwaka 2017. Tulikipata kwa kura. Tuko wanane. Watano tulitaka riwaya ya mapenzi, watatu tulitaka ya siasa, na mmoja akasema hiki kina yote mawili. Hakutudanganya. Baada ya majuma matatu ya mjadala tulipiga kura nyingine: je, ungempa rafiki yako akisome? Wanne walisema ndiyo, wanne walisema hapana, na mmoja wa wale wa ndiyo akaongeza, "Lakini si kabla ya harusi yake." Kwa hiyo msitarajie hapa sifa tupu wala lawama tupu. Tumegawanyika, na mgawanyiko wenyewe ndio tunaotaka kuueleza.

Tahadhari kwa ambao hawajakisoma: hatuwezi kusema tulichonacho bila kuitoa siri ya kitabu. Anayependa kushtukizwa aishie hapa, arudi akishamaliza.

Adebayo alizaliwa Lagos mwaka 1988 na akakulia Nigeria ya kusini magharibi, Ilesa na Ife, nchi ya Wayoruba. Baadaye alikuja huku Uingereza kusomea uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, Norwich. Kitabu kilipotoka kiliingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Baileys ya mwaka 2017, tuzo ya riwaya za wanawake inayotolewa hapa Uingereza. Kumbe alikuwa hajafikisha hata miaka thelathini! Sisi tulio na miaka ishirini na kidogo tulipigiana hesabu ya muda uliotubakia, tukaona heri turudi kwenye kitabu.

Hadithi ni ya mume na mke, Yejide na Akin. Walipendana wakiwa wanafunzi huko Ife, wakaoana, wakaenda kuishi Ilesa. Akin anafanya kazi benki, Yejide ana saluni ya kusuka nywele. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba katika nyumba yao hapataingia mke wa pili. Miaka ikapita bila mtoto. Mama yake Akin, ambaye Yejide alimpenda kama mama mzazi kwa kuwa wake mwenyewe alikufa siku ya kumzaa, akaanza kubadilika. Siku moja mwaka 1985 wazee wakabisha hodi wakiwa wameongozana na msichana mmoja mrembo, Funmi. Yejide alidhani ni mgeni. Aliambiwa ni mke mwenzake, na kwamba Akin alikuwa anajua.

Tuanze na tuliyoyapenda sote wanane, maana yapo. Sura hiyo ya kuletwa kwa Funmi tuliisoma kwa sauti mkutanoni. Yejide halii mbele ya wageni wala hawatukani. Anaingia jikoni na kuwapakulia kiporo cha maharagwe, na wao, kwa kuwa wanajua walichomtendea, wanakila bila kusema neno. Mwenzetu ambaye wazazi wake ni wa Mombasa alicheka mpaka akafuta machozi. Alisema hajawahi kuona mahali popote heshima na hasira vikipakuliwa katika sahani moja namna ile, isipokuwa kwa bibi yake.

Tulipenda pia kwamba wote wawili wanapewa nafasi ya kusimulia, mara mke, mara mume. Mara nyingi Yejide anazungumza kana kwamba Akin yuko mbele yake, anamwambia "wewe" hiki na hiki, kumbe wameshaachana miaka mingi. Kwa sisi ambao wazazi wetu wengine wanaishi nchi mbili tofauti na ndoa zao zinaendeshwa kwa simu, kule kumsemesha mtu asiyekuwepo hakukuhitaji maelezo. Na tulipenda jinsi Nigeria yenyewe inavyopita nje ya dirisha. Redio inatangaza mapinduzi ya mwaka 1985, miaka inakwenda, na uchaguzi wa tarehe 12 Juni 1993 unafutwa na watawala wa kijeshi baada ya watu kupiga kura zao. Wale watatu wapenda siasa walilalamika kwamba haya yameguswa juu juu. Sisi wengine tuliwajibu kwamba ndivyo familia nyingi zinavyoishi na siasa: mtu anasikia habari za mapinduzi huku akisubiri majibu ya vipimo hospitalini, na kinachomkosesha usingizi ni vipimo.

Sasa tuje kwenye yaliyotugawa.

Yejide anahangaika kila upande. Anakwenda hospitali. Anapanda mlima kwa nabii mmoja akiwa na mbuzi mweupe, na huko anafika hadi kumnyonyesha mbuzi huyo. Anashika mimba ya mawazo, tumbo linakua, na vipimo vyote vinaonyesha hamna kitu. Msomaji anaumia pamoja naye akiamini kwamba tatizo ni lake. Kisha, kitabu kikiwa kimekwenda mbali, tunaelezwa waziwazi kwamba tatizo lilikuwa la Akin tangu usiku wa kwanza. Hawezi. Alikuwa anajua kwamba hawezi, na alimwacha mkewe apande mlima na mbuzi. Zaidi ya hapo, yeye ndiye aliyekwenda kwa mdogo wake Dotun na kumwomba amzalishe Yejide, bila Yejide kujua kwamba hilo limepangwa. Mke anabeba aibu ya kumsaliti mumewe na shemeji yake, na mume anamwangalia akiibeba.

Kuhusu Dotun, neno "shemeji" lilitutosha. Kwetu shemeji ni mtu wa utani, mtu anayeingia jikoni kuuliza kumepikwa nini na kumwita shemeji yake "mke wangu" mbele ya watu wote, wakacheka. Utani huo unawezekana kwa sababu kila mtu anajua mpaka uko wapi. Akin aliuchukua ule utani na kuufanya mkataba, kisha akamficha mkewe kwamba mkataba upo.

Swali lililotumaliza nguvu lilikuwa jingine: inawezekanaje mwanamke msomi, aliyetoka chuo kikuu, aishi na mume miaka yote hiyo asijue? Kitabu kinajibu kwamba Yejide aliolewa akiwa hajui mwanamume, na Akin akamweleza mambo kwa namna iliyomfaa yeye Akin. Wanne wetu hatukulikubali jibu hilo. Tuliona mwandishi amelificha jambo kwa ajili yetu wasomaji, ili tushtuke, kuliko kwa ajili ya wahusika. Mtu anayesimulia mwenyewe ndoa yake, tena baada ya miaka mingi, angekuwa anajua anachokificha. Kutuzungusha sura baada ya sura na kisha kutufunulia pazia ni hila ya hadithi za upelelezi, na hadithi hii haikuihitaji.

Mwenzetu ambaye familia yake ilitoka Unguja ikahamia Muskati ndiye aliyelishikilia sana jambo hili. Alisema kwao msichana haachwi aende kwa mume kama aliyefungwa kitambaa machoni. Kuna somo. Somo anakaa na bi harusi, anamsinga, anamfundisha mwili wake na wa mwenzake, na baada ya harusi anamuuliza maswali ambayo mama mzazi haya zake hazimruhusu kuyauliza. Mwenzetu wa Dar es Salaam akaongeza kwamba huko siku hizi kuna kicheni pati, na makungwi wanaalikwa na kulipwa, na wanayoyasema hayaandikiki katika gazeti la chuo. Kwa maoni yao, Yejide angekuwa na somo, kitabu kingeishia ukurasa wa ishirini.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Mmoja aliuliza kimya kimya: "Somo anamfundisha bi harusi amridhishe mume. Anamfundisha pia aseme nini mume akishindwa?" Hatukuwa na jibu, kwa sababu hakuna kati yetu aliyewahi kufundishwa na somo. Tunajua mambo haya kwa kusikia shangazi zetu wakicheka chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa. Wanaume watatu wa kundi letu walikiri kwamba wao hata hicho kicheko hawakukisikia. Hakuna aliyewaambia chochote, isipokuwa kwamba mwanamume ni kichwa cha nyumba.

Hapo ndipo biskuti zilipoanza kuongezeka. Tulijaribu kulijadili tatizo la Akin kwa Kiswahili na tukakwama. Kiswahili chetu wengi tulikipata mezani na jikoni. Tunajua kuamkia, kuomba radhi, kuagizwa dukani na kugombezwa. Cha kuzungumza mambo ya watu wazima hatukupewa, kwa kuwa tulikuwa watoto, na tulipokua tulikuwa tumeshahamia kwenye Kiingereza. Basi tukaandika ubaoni maneno tuliyoyajua au tuliyoyapata kwenye kamusi. Upande wa mwanamke: tasa, mgumba. Maneno mafupi, makali, yanayosemwa hata mbele ya mhusika. Upande wa mwanamume: hanithi, ambalo tuliambiwa na wakubwa tusilitamke, maana ni tusi. Halafu mafumbo: jogoo hapandi mtungi. Halafu lile la matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo na kuta za Dar es Salaam: nguvu za kiume, zimepungua, dawa ipo, piga namba hii.

Tuliutazama ubao ule kwa muda. Mwanamke asiyezaa ana jina, na jina hilo ndiye yeye: mgumba. Mwanamume "amepungukiwa" na kitu, kama mtu aliyeishiwa vocha, na kitu hicho kinaweza kununuliwa kikarudi. Mwenzetu mmoja alimpigia mama yake simu palepale akamuuliza, mwanamume ambaye hawezi anaitwaje kwa adabu? Mama akanyamaza, tukasikia maji ya bomba yakifunguliwa, kisha akasema, "Mwanangu, mwanamume ni mwanamume tu. Umekula?"

Baada ya simu ile baadhi yetu tulianza kumsamehe mwandishi ile hila yake ya kuficha. Labda Yejide hakuificha siri ili atushtue. Labda hakuwa na neno la kuitajia, hata alipokuwa akijisimulia mwenyewe. Hatukukubaliana juu ya hili, na mpaka tunaandika safu hii bado hatujakubaliana. Lakini wale waliokuwa wakisema "haiwezekani asijue" walibadilisha kauli kidogo. Sasa wanasema: "Inawezekana alijua, akakosa pa kulipeleka."

Pa kulipeleka ni jambo kubwa. Yule mwenzetu wa Unguja na Muskati alituletea kitu alichokisoma katika somo lake la sheria. Katika fikihi ya Kiislamu, mke ana haki ya kwenda kwa kadhi akadai ndoa ivunjwe ikiwa mume hana uwezo wa kumwingilia. Kwa kawaida kadhi humpa mume muda wa mwaka mmoja ajitibu, majira yote manne yapite, na hali isipobadilika mke akitaka anaachanishwa naye. Watu wa Ilesa katika kitabu hiki si wa sheria hiyo, wao ni watu wa kanisa na mila za Kiyoruba, kwa hiyo hatusemi kwamba Yejide angeitumia. Tulichoshangaa ni kwamba wengi wetu tuliolelewa katika nyumba za Kiislamu hatukuwa tumewahi kuisikia. Mambo yote ya ndoa yanayomhusu mke tuliyasikia mara mia: utiifu, kusitiri siri ya nyumba, kuomba ruhusa ya kutoka. Mlango huu mmoja uliowekwa wazi kwa ajili yake haukutajwa. Na hata ukitajwa, mwanamke atafika mbele ya kadhi, mbele ya makarani na ndugu wa mume, atatumia neno gani? Tulirudi tena kwenye ubao wetu.

Mmoja wetu ametuomba tuandike jambo lake hapa, bila jina.

Ana shangazi aliyeolewa akakaa na mume miaka kumi na mmoja bila mtoto. Ukoo mzima, wa kuumeni na wa kwao, ulimwita mgumba, wengine kwa huruma na wengine kwa kejeli. Mwishowe aliachwa. Miaka michache baadaye akaolewa na mjane mmoja, na katika mwaka wa pili akajifungua mapacha. Yule mume wa kwanza ameoa mara mbili tena na hana mtoto hadi leo. Hakuna aliyemwita jina lolote. Hakuna aliyekwenda kwa shangazi kusema, tulikukosea. Watoto wake wanaitwa watoto wa dua, kana kwamba kilichobadilika ni idadi ya sala.

Lakini si hilo alilotaka tuliandike. Alitaka tuandike kwamba alipokuwa na miaka tisa, familia yake ilikwenda likizo nyumbani, na binamu yake alikuwa na mtoto mchanga. Mtu mzima mmoja alimnong'oneza: usimwachie shangazi amshike mtoto sana, jicho la asiye na mtoto ni zito. Naye, kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, alikwenda akamchukua mtoto mikononi mwa shangazi yake. Alifanya hivyo kwa tabasamu. Anakumbuka shangazi alimwachia bila kusema kitu, akaenda kukunja nguo. Alipokuwa akisoma sura ambazo mama mkwe anamtazama Yejide tumboni, alisema, hakujiona katika Yejide. Alijiona katika wale wageni waliokula maharagwe.

Tulipomuuliza kama amemwambia shangazi yake, alisema alimrekodia ujumbe wa sauti wa dakika nne, akaufuta, akarekodi wa dakika moja. Shangazi alijibu usiku. Alizungumzia baridi ya huku, akauliza kama amenunua koti zito, akasema mapacha wanamsalimia. Mwisho kabisa akasema, "Ile siku naikumbuka. Ulikuwa mtoto." Basi.

Kwa hiyo wasomaji wetu mtaelewa kwa nini hatuwezi kukipa kitabu hiki nyota tatu au nne na kuendelea na maisha.

Hata hivyo kazi ya safu ni kusema kweli kuhusu kitabu, na kweli ni kwamba kina kasoro za kazi ya kwanza. Kimefungashwa kama sanduku la mtu anayesafiri mara ya kwanza: kila alichonacho kimo, na mtu inabidi akalie kifuniko ndipo kifungwe. Mke mwenza, nabii na mbuzi, mimba ya mawazo, shemeji, watoto wawili kufa, majambazi wanaotanguliza barua ya kutaarifu siku watakayokuja, machafuko ya Lagos. Usiku wa sherehe ya kumpa mtoto wa kwanza jina, Funmi anaanguka ngazi na kufa, na baadaye tunajua mkono wa Akin ulikuwemo. Mtu ameuawa, lakini kitabu kinampita haraka kama mtu aliyechelewa basi. Wote wanane tulikasirika juu ya hilo. Funmi alikuwa mjanja, mchokozi, mwenye njaa ya kupendwa, na naye pia alidanganywa na mwanamume yuleyule. Kitabu kinachotetea mke wa kwanza kingeweza kumpa mke wa pili kurasa chache za kuzikwa vizuri.

Kasoro ya pili ni ugonjwa. Watoto wa Yejide wanaandamwa na selimundu. Ni ugonjwa wa kurithi: mtoto anaupata akichukua chembe yake kwa baba na kwa mama pia, na wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4. Afrika Mashariki tunaujua vizuri, hasa pwani na kandokando ya ziwa, kama wanavyoujua Afrika Magharibi. Mwenzetu mmoja ana mdogo wake mwenye selimundu, anayesoma shule hapa Uingereza, anayecheza mpira na kulazwa hospitali, vyote viwili. Yeye ni mmoja wa waliopiga kura ya hapana. Alisema kitabu kimeutumia ugonjwa kama nyundo ya kuipigia ndoa: kila mwandishi alipotaka pigo jipya, aliiinua. Mtoto wa tatu, Rotimi, ambaye jina lake kwa Kiyoruba ndilo linalokipa kitabu jina, anakwepwa na mama yake kwa sababu mama ameshaamua kwamba huyu naye atakufa. "Mdogo wangu," alisema mwenzetu, "hapendi watu wanaomwangalia namna hiyo."

Wengine walimjibu kwamba hilo ndilo kosa ambalo kitabu kinataka tulione. Yejide anaondoka akiamini mtoto amekufa, anakaa Jos miaka mingi, na mwaka 2008, aliporudi Ilesa kwenye maziko ya baba yake Akin, anakuta Rotimi yuko hai, msichana mkubwa. Nusu yetu tulilia hapo. Nusu nyingine walisema mwandishi ameogopa. Baada ya kutupitisha kwenye uongo wote ule, ametuletea mtoto akiwa amefungwa utepe ili tufunge kitabu tukiwa tumetulia. Mwenzetu mwenye mdogo anayeumwa, ambaye tulidhani angekuwa upande wa pili, alilia. Alisema amekasirika kwamba amelia.

Na Akin je? Hapa tuliachana kabisa. Wapo wanaosema hana msamaha: alijua, na aliyejua akanyamaza ndiye mwenye kosa. Wapo waliosema kitabu kina nguvu kwa sababu kinatuonyesha kwamba Akin anampenda mkewe kwelikweli, na uongo wake wa kwanza ulikuwa mdogo, wa mtu anayeogopa kukimbiwa. Kisha mama yake akauliza, wajomba wakauliza, majirani wakauliza, na kila swali lilihitaji uongo mkubwa zaidi wa kulijibu. Tuliandika orodha ya watu katika riwaya wanaouliza habari ya mtoto. Ni karibu wote. Hakuna hata mmoja anayemuuliza Akin "una nini?" Wote wanamuuliza Yejide, au wanamuuliza Akin kuhusu Yejide.

Tukaulizana pia sisi. Nani kati yetu, kwenye harusi ya binamu au Idd au Krismasi, amewahi kumwambia mwanamke aliyeolewa mwaka jana, "Vipi, bado?" Mikono saba ilinyanyuka. Wa nane alisema yeye hutumia, "Mbona kimya?" Tukamwambia anyanyue.

Basi msimamo wetu, kama mnauhitaji: Stay With Me ni riwaya inayoijua ndoa kuliko inavyojua kupanga matukio. Pale inapokaa jikoni, saluni na chumbani, ni kitabu ambacho tungetaka kila mtu wa umri wetu akisome kabla hajaanza kuwauliza watu maswali. Pale inapokimbilia pigo linalofuata, tulitamani mtu amshike mwandishi mkono amwambie, tulia, tumeshaumia inatosha. Wanne kwa wanne, na hatuoni haya kuacha hivyo.

Jambo moja tumelikubali wote. Ule ubao wa maneno hatukuufuta siku ile, tuliupiga picha. Tungependa safu ya upande wa pili ijazwe na neno ambalo si tusi, si fumbo la jogoo wala si tangazo la nguzoni: neno ambalo mtu anaweza kumwambia mke wake, au mama yake, au kadhi, bila kufa kwa aibu. Walimu wetu tunaomba mtusaidie, na wasomaji waulizeni wazee wenu, mkithubutu. Mkiambiwa "umekula?" jibuni ndiyo, kisha ulizeni tena.

Muhula ujao tunarudi kwenye Kiswahili chenyewe na tutasoma Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzua kelele wakati wake kwa kusema mambo ambayo nyumba nyingi hazikutaka yasemwe. Nakala mbili ziko maktaba, anayewahi ndiye apataye. Na wenye deni la biskuti wanajijua.

Tukutane muhula ujao.